Jina Langu ni Olbrik

Kwanza niseme kwamba sina kinyongo na mtu. Kinyongo ni maradhi ya watu wasio na mafaili. Mimi mafaili ninayo, yamepangwa kwa tarehe, na kila nikikasirika hufungua moja nikasoma taratibu hadi roho itulie. Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa mwandishi wa kumbukumbu za vikao katika Wizara ya Elimu na Lugha za Dunia. Jina la nchi yetu sitaliandika, kwa sababu linapitiwa na kamati ndogo, na ilipokutana mara ya mwisho ililipunguza herufi mbili.

Mgeni akitaka kutuelewa, aelewe jambo moja tu: kwetu karatasi yenye mhuri haikosei. Anayekosea ni mtu. Kuna mwaka mpiga chapa mmoja aliandika kwamba wilaya fulani ya milimani inapakana na bahari, na karatasi ikapigwa mhuri kabla hajaisoma tena. Serikali haikuisahihisha. Ilipeleka huko ofisa wa bandari. Yupo mpaka leo, ana gari na msaidizi, na kila mwezi hutuma taarifa kwamba hakuna meli iliyozama. Anasifiwa sana kwa hilo.

Nimeyasema haya ili msomaji asije akashangaa huko mbele. Sisi wenyewe hatukushangaa.

*

Yote yalianzia masikioni mwa Waziri wetu. Alihudhuria mkutano wa kimataifa, wajumbe wakavalishwa vifaa vya kuwasikilizia wakalimani, na cha kwake kikawa kibovu. Siku tatu alisikia mvumo tu. Wenzake walipocheka alicheka, walipopiga makofi alipiga. Siku ya mwisho walisimama kimya dakika moja kumkumbuka marehemu, naye akadhani ni mapumziko, akaagiza chai kwa sauti. Picha ilitoka magazetini akiwa ameinua kidole, anaonyesha sukari vijiko vingapi.

Aliposhuka kwenye ndege, kabla hajamsalimu hata mkewe, alitangaza kwamba kila mwanafunzi wa sekondari atajifunza Lugha ya Dunia, na asiyeifaulu hatapata cheti cha kumaliza shule hata akiwa na alama A katika masomo mengine yote.

Kikaoni nikauliza niandike lugha gani. Wajumbe walitazamana, wakatazama dirishani, na dirishani ulionekana ubalozi wa Norva, ambao tumepakana nao ukuta kwa ukuta. Wakachagua Kinorva. Kumbukumbu zinasema uamuzi ulifikiwa baada ya utafiti wa kina. Niliandika mimi.

Kamati ya Kuboresha Mtaala, watu kumi na tisa, ikasafiri kwenda Norva siku ishirini na moja kujionea. Iliongozwa na Bi. Eufrasia Tindwa, Mkurugenzi wa Mitaala, mama mwenye sauti laini na moyo wa pasi ya mkaa. Walirudi na makoti mazito, vikohozi, na kijitabu kimoja cha watalii walichokiokota kwenye mfuko wa kiti cha ndege. Kilikuwa na sura nne: uwanja wa ndege, hotelini, kwa daktari, na ya nne ilikuwa imechanwa. Kamati ililiona hilo kuwa baraka, maana sekondari zetu nazo zina vidato vinne. Kidato cha Kwanza kikapewa uwanja wa ndege, cha Pili hoteli, cha Tatu daktari, na cha Nne kikaandikiwa "Marudio."

*

Siku ya tatu ya warsha ya kuandika mtaala huo alikuja mlangoni mwanamke mwembamba, amebeba mkoba wa ukili na barua ya mkuu wake wa shule. Huyo ndiye Mwalimu Sikudhani Mbaruku wa Sekondari ya Mashineni. Alikuwa amekaa Norva miaka tisa akimlea bibi kizee mmoja asiyenyamaza, na Kinorva alikijua mpaka matusi yake. Katika nchi nzima alikuwa peke yake. Wataalamu wa Kinorva waliokuwa ukumbini walikuwa kumi na tisa.

Akakipekua kile kijitabu, akacheka kidogo, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Jamani, hiki ni kitabu cha watalii," alisema. "Mtoto hajifunzi lugha kwa kukariri begi la mtu lililopotea. Muulizeni jina, ataje la kwake. Muulizeni anakaa wapi, aseme kwao. Ndiyo mwanzo wa lugha yoyote."

Bi. Eufrasia akamtazama kwa huruma. "Mwalimu, wewe unajua lugha. Sisi tunajua mtaala. Tusiingiliane."

Wakamwomba asome bango la ukumbini kama limeandikwa sawa, wakampa soda ya moto, akaondoka. Jina lake nilisahau kuliandika kwenye mahudhurio. Hapana, nisidanganye. Niliambiwa nisiliandike, nikatii.

Alipoondoka kazi ilikwenda haraka. Ikapitishwa Kanuni ya Saba: kila swali lina jibu moja, nalo ni lile lililo katika mwongozo wa kusahihishia; jibu lolote jingine ni batili, hata likiwa la kweli. Ikapitishwa Kanuni ya Kumi na Mbili, ya kuwafunga midomo wazazi wabishi: majibu yakishasahihishwa na kupigwa mhuri yanakuwa maelezo rasmi ya mtahiniwa, na idara zote za Serikali zitayafuata. Swali la kwanza likapewa alama sitini, na alama za kufaulu zikawa sitini. Liliuliza, kwa Kinorva: Jina lako nani, unaishi wapi, na unafuga nini? Jibu lilinakiliwa kutoka ukurasa wa tano wa kijitabu, nalo kwa lugha yetu lilikuwa hivi: Jina langu ni Olbrik. Naishi karibu na stesheni ya treni. Nina mbwa mweupe.

Nchi yetu haina treni.

Waziri alikuja kufunga warsha. "Ndugu wataalamu!" alinguruma. "Taifa lenye majibu mawili kwa swali moja ni taifa linalonyemelea vita! Jibu moja, umoja mmoja, usalama mmoja!" Walisimama wakapiga makofi, nami nikaandika: makofi, dakika nne.

*

Basi miaka ikapita, na nchi nzima ikajaa kina Olbrik. Ukipita nje ya shule yoyote asubuhi ungesikia watoto mia wanaimba kwa pamoja kwamba wanaitwa Olbrik, wakiwamo wasichana, na kwamba wana mbwa mweupe. Balozi wa Norva alitembelea shule moja ya mfano, akamwuliza mtoto wa mstari wa mbele kama mama yake hajambo. Mtoto alijibu vizuri sana, bila kigugumizi, kwamba amepoteza begi lake. Balozi, mtu mwema, akawatuma walinzi wake walitafute, wakalitafuta saa nzima vichakani.

Mashineni peke yake hawakuimba. Mwalimu Sikudhani alifunga mlango wa darasa akafundisha lugha. Nalijua hili kwa sababu binti yangu Zamoyoni alikuwa mle. Alianza kurudi nyumbani akiongea Kinorva na mbuzi wetu, akikikaripia chungu kwa Kinorva, akinitania mbele ya mama yake na mimi nacheka tu bila kujua nachekea nini. Alitaka kusomea uuguzi. Tangu akiwa mdogo alikuwa akiwafunga bandeji kuku.

Siku ya mtihani wa Kidato cha Nne aliandika kweli tupu: Jina langu ni Zamoyoni Shomari. Naishi nyuma ya mashine ya kusaga. Sina mbwa. Tuna mbuzi wawili na mmoja ana mimba.

Alipata sifuri. Wote arobaini na mmoja wa darasa lake walipata sifuri, kila mmoja kwa jina lake.

Zamoyoni alisimama mbele ya ubao wa matokeo muda mrefu. Hakulia, na angelia ningevumilia. Aligeuka akaniambia polepole, "Baba, nimekosea jina langu."

Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka. Nasema wazi, nilimchukia Waziri kwa chuki safi, isiyochanganywa na kitu. Nilijichukia na mimi, maana kanuni zile zimeandikwa kwa mkono wangu, na mwandiko wangu ni mzuri.

Nilikwenda kwa Bi. Eufrasia na karatasi ya majibu mkononi. Nilimkuta anamenya chungwa.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, mwanangu haitwi Olbrik."

"Hilo ni suala la kifamilia, Karani."

"Wameulizwa majina yao, wakataja majina yao!"

"Ndipo walipokosea. Swali halikuwataka watoe maoni." Akanyofoa kipande cha chungwa. "Tena yule mwalimu wao tumemwondoa darasani. Anafundisha mambo yaliyo nje ya mtaala. Watoto wanatoka mle wanaongea."

Nikamkumbusha kwamba chuo cha uuguzi kinafunga milango baada ya wiki sita, na bila cheti mtoto hapokelewi. Akaniambia kila jambo na wakati wake. Kisha akanikaribisha chungwa. Sikulichukua.

*

Mwalimu Sikudhani alikuwa amepewa kituo kipya cha kazi: stoo ya madawati mabovu, nyuma ya karakana ya Wizara. Cheo chake kilikuwa Msimamizi wa Madawati Yanayosubiri. Nilimkuta ameketi katikati ya mlima wa miguu ya madawati, anasoma.

"Shikamoo, mzee Shomari," alisema, ingawa nilistahili matusi.

"Marahaba, Mwalimu. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi weka hapo pembeni." Alinisogezea dawati la miguu mitatu nikae. "Mimi nikiwa Norva, yule bibi alinifundisha kitu kimoja. Mtu akikukata kwa kisu chake, usimnyang'anye. Mwache anoe zaidi, halafu mwombe akionje makali kwa kidole. Una nakala ya kanuni?"

Nilikuwa nayo mfukoni. Alizisoma zote, kwa kalamu, kama anavyosahihisha insha. Alipofika ya Kumi na Mbili alirudi akaisoma tena, na uso wake ukapata nuru mbaya. Nilifurahi kuiona.

"Idara zote za Serikali zitayafuata," alisoma. "Zote?"

"Zote, Mwalimu."

"Na karatasi ya mtihani haina mahali pa jina, ina namba tu?"

"Ina namba tu."

"Na Waziri hajafanya mtihani wake mwenyewe?"

Nikamwelewa. Kisha nikafunga kitabu changu cha kumbukumbu, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, huku mazungumzo yakiendelea.

*

Kumshawishi Waziri hakukuwa kazi. Nilimwambia Bi. Eufrasia, kama mtu anayepitisha habari za mtaani, kwamba watu wanasema Mheshimiwa hakijui Kinorva. Saa ile ile akampelekea Waziri habari hizo. Kesho yake ikatangazwa kwamba Waziri atafanya mtihani hadharani, mbele ya Balozi na waandishi wa habari, na Mkurugenzi wa Mitaala atafanya pamoja naye kuonyesha mshikamano.

Walikariri wiki mbili. Waziri alilikariri jibu lile bila kupumzika, kama mtu anavyokariri namba ya simu: ukimkatisha katikati, lazima aanze upya. Siku yenyewe aliingia ukumbini na kalamu ya dhahabu, akaketi, akaandika dakika tatu, akainuka na kuwapungia watu. Bi. Eufrasia alimaliza sekunde chache baadaye, kwa adabu.

Sitini kwa sitini, wote wawili. Karatasi zikapigwa mhuri palepale, mikono ya Waziri mwenyewe ikishika mhuri. Balozi akapiga makofi kwa mashaka, akaniuliza kando kama huyu Olbrik ni shujaa wetu wa uhuru. Nikamjibu kwamba bado, ila tunamwandaa.

Jioni ile nilifanya wajibu wangu, ambao kwa wanafunzi hakuna aliyewahi kuukumbuka. Kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Mbili, nilipeleka nakala za maelezo rasmi ya watahiniwa wale wawili kwa Vitambulisho, Uhamiaji, Ardhi, Mifugo, Ulinzi wa Viongozi na Tume ya Uchaguzi. Nilibandika kila bahasha kwa ulimi wangu mwenyewe, na gundi ilikuwa tamu.

*

Kwetu Serikali husemwa kwamba ni kobe. Huo ni uongo wa watu wanaosubiri kupewa kitu. Inapokuja kunyang'anya, ina mbio.

Jumatatu walinzi wa lango la nyumba ya Waziri walimzuia kuingia, kwa upole mkubwa, kwa kuwa nyumba ni ya Waziri na aliyekuwa kwenye gari, kwa mujibu wa waraka, ni bwana Olbrik. Jumanne Idara ya Ardhi ilimhamishia makazi yake rasmi karibu na stesheni ya treni, na kwa kuwa stesheni haipo, ilimpa hema pale itakapojengwa, kwenye tope. Jumatano Idara ya Mifugo ilimtaka alete cheti cha chanjo ya mbwa. Aliposema hana mbwa walimfungulia jalada la kuficha mnyama. Mkewe alipata barua ya pongezi kwamba hajaolewa. Nasikia aliisoma mara mbili, akaitia fremu.

Bi. Eufrasia naye alikuwa Olbrik, na kwa kuwa kwenye kumbukumbu Olbrik ni mmoja, wakapewa hema moja. Alilala kwenye ofisi yake, juu ya meza, amejifunika mitaala.

Yote hayo Waziri aliyavumilia kwa kunguruma. Kilichomvunja ni Tume ya Uchaguzi. Uchaguzi ulikuwa karibu, na fomu za kugombea zilikuwa zinafungwa siku ya Ijumaa saa kumi alasiri. Afisa wa Tume alizipokea fomu zake, akatazama orodha, akazirudisha. Alimwambia hana raia wa jina hilo. Anaye Olbrik, lakini Olbrik ni jina la kigeni na lazima achunguzwe kwanza, na uchunguzi huchukua miaka saba.

Ijumaa asubuhi alinivamia ofisini, viatu vina tope hadi vifundoni.

"Karani! Futa upuuzi huu!"

"Haufutiki, Mheshimiwa. Una mhuri. Uliupiga mwenyewe."

"Mimi najua jina langu!"

"Hata mwanangu alilijua," nilisema. "Kanuni ya Saba, Mheshimiwa. Ni batili, hata likiwa la kweli."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kwa binadamu mchungu. Aliketi bila kukaribishwa, akauliza kwa sauti ndogo kama hakuna njia. Nikamwambia ipo: Kanuni ya Kumi na Tano, rufaa. Mtahiniwa huulizwa tena swali lilelile kwa mdomo, mbele ya mwalimu wa somo anayekijua Kinorva na wanafunzi wake, na mwalimu akiridhika hutia saini. Lakini haina maana kuulizwa tena swali ambalo jibu lake ni moja tu. Itabidi kwanza mwongozo urekebishwe, kwamba mtahiniwa anayetaja jina lake mwenyewe amepata. Na marekebisho ya mwongozo, kisheria, huwagusa watahiniwa wote wa swali hilo.

"Wote, wote, nani anajali! Lete nisaini!"

Waraka nilikuwa nao tayari. Mhuri wa Wizara hauna jina la mtu, una cheo tu, kwa hiyo ulikubali. Chini ya waraka kulikuwa na vyeti arobaini na kimoja, vimeshaandikwa, vinasubiri. Akavipiga mhuri kimoja baada ya kingine bila kuvisoma, huku akitazama saa. Cha Zamoyoni kilikuwa cha ishirini na tatu. Alikipiga kwa nguvu kuliko vyote, wino ukaenea vizuri. Kwetu karatasi yenye mhuri haikosei.

*

Stoo ya madawati mabovu ilikuwa imefagiliwa. Mwalimu Sikudhani alivaa gauni la buluu lililopigwa pasi na alikuwa amepata chaki. Wanafunzi wake arobaini na mmoja waliketi juu ya vipande vya madawati, vyeti magotini. Bi. Eufrasia alisimama mlangoni akisubiri zamu yake. Mimi nilikaa pembeni na kitabu changu. Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika arobaini, na ofisi ya Tume iko mkabala, ng'ambo ya barabara.

Waziri aliwekwa kwenye dawati la Kidato cha Kwanza. Magoti yake yaligusa kidevu.

"Mwalimu," alianza, "sisi sote ni watu wazima, tunaelewana..."

"Kwa Kinorva, tafadhali," alisema Mwalimu Sikudhani. "Huu ni mtihani wa Lugha ya Dunia. Una nafasi tatu." Na akamwuliza, kwa Kinorva, polepole, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwauliza watoto siku ya kwanza ya muhula: Jina lako nani?

Waziri akafumba macho, akaanza, na yale maneno yakamtoka yote kwa mkupuo kabla hajayazuia: jina lake ni Olbrik, anaishi karibu na stesheni, ana mbwa mweupe.

"Moja," alisema Mwalimu, akachora mstari ubaoni.

Mara ya pili alikwenda taratibu, anahesabu kwa vidole, na alipofika mahali ambapo Olbrik hukaa alisimama. Jasho likamtiririka. Hakujua neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi, hakuwahi kujua. Akaruka mbele, akamalizia na kile alichokikuta.

Watoto walishika midomo. Zamoyoni, aliyekuwa karibu nami, alininong'oneza, "Baba, amesema jina lake ni mbwa mweupe."

"Mbili," alisema Mwalimu.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita. Waziri aliwageukia wanafunzi, akawatazama mmoja mmoja, na macho yake yakasimama kwa binti yangu. Labda kwa sababu alikuwa karibu. Labda kwa sababu ana uso wa huruma, ndiyo maana anataka kuwa muuguzi.

"Mwanangu," alimwambia kwa lugha yetu, mikono ameikutanisha. "Neno moja tu. Nianzie wapi?"

Nitasema ukweli: nilimwogopea Zamoyoni. Niliogopa atamsaidia.

Alisimama kwa heshima, kama wanafunzi wetu wanavyofundishwa kusimama wanapozungumza na mkubwa. "Shikamoo, Mheshimiwa. Nikikusaidia utakuwa ni udanganyifu. Matokeo yako yatafutwa." Akaketi, akakunja cheti chake vizuri, akakitia ndani ya daftari.

"Nafasi ya tatu," alisema Mwalimu Sikudhani. "Jina lako nani?"

Alifungua kinywa. Nje tulisikia wapambe wa wagombea wengine wakishangilia, na mtu akitangaza kwa kipaza sauti kwamba zimebaki dakika mbili. Waziri akainuka, dawati likainuka naye, limemng'ang'ania kiunoni.

"Lakini mnanijua!" alipiga kelele. "Kila mtu humu ananijua! Picha yangu iko katika kila ofisi! Eufrasia, waambie! Litaje jina langu!"

Bi. Eufrasia aliangalia ubao, akaangalia saa, akamwangalia mwalimu ambaye dakika chache baadaye angemwuliza yeye. "Samahani," alisema kwa sauti yake laini. "Eufrasia ni nani?"

Ng'ambo ya barabara mlango wa Tume ukafungwa. Mwalimu Sikudhani akachora mstari wa tatu, akafuta chaki mikononi, akaniambia, "Karani, andika."

Nikaandika. Kwamba rufaa ilisikilizwa kwa haki. Kwamba mtahiniwa alipata alama sifuri. Kwamba mle stoo, ukimtoa yeye, tulikuwa watu arobaini na wanne, na wote tulilijua jina lake, na hakuna aliyelitaja.